Jifunze Kuwa Mgonjwa Msumbufu

Ndugu yangu wa Kanduyi, umelelewa ukiambiwa kwamba mgonjwa mzuri ni yule anayenyamaza. Unamjua huyo. Hufika hospitalini kabla ya jua, akapitwa na waliokuja saa nne kwa sababu wao wana mtu ndani, akaitikia "sawa daktari" kwa maneno asiyoyaelewa, akatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma, kisha akapanda boda boda kurudi nyumbani na mfuko wa vidonge asivyojua hata majina yake. Wodini wanamsifu: yule mama hakuwa na shida hata kidogo.

Nataka uanguke mtihani huo. Nataka siku utakayoruhusiwa kwenda nyumbani wauguzi wakukumbuke kwa maswali yako, nawe uwe unajua ulikuwa unaugua nini, nani alikutibu na ni dawa gani zimeingia mwilini mwako. Usumbufu ninaoufundisha una adabu na hauhitaji kelele. Sheria ya Kenya iko upande wako karibu katika kila hatua, ijapokuwa huenda hakuna aliyewahi kukwambia.

1. Usiende peke yako

Mgonjwa husikia nusu tu ya anayoambiwa. Nusu ya pili inamezwa na hofu. Kwa hiyo nenda na mtu, na umchague vizuri. Mwache nyumbani yule anayelia akiona sindano. Mwache pia binamu mwenye suti anayetaka daktari ajue kwamba naye alifika chuo kikuu. Atamaliza dakika zako zote akionyesha Kiingereza chake. Mchukue shangazi aliyeuza mahindi sokoni Chwele miaka yote, anayeuliza bei mara tatu bila kuona haya. Mpe kazi moja: asikie, akumbuke, asiondoke.

Shangazi ana faida nyingine. Katika wodi zetu anayemgeuza mgonjwa, anayemwosha, anayemlisha uji na kuangalia kama dripu imeisha, mara nyingi ni jamaa yake. Muuguzi ni mmoja na vitanda ni vingi. Mwenye mtu huangaliwa, asiye na mtu hungoja. Hiyo si haki na sitaipamba. Basi mwambie shangazi amtupie jicho pia mgonjwa wa kitanda cha jirani ambaye hakuna aliyekuja kumwona.

2. Nunua daftari

Lile la watoto wa shule la kurasa 32 linatosha, pamoja na biro. Liweke juu ya kitanda mahali linapoonekana. Andika hivi: "Jumanne, saa nne na nusu, dripu ya kwanza imewekwa. Saa nane imeisha, tumemwambia sista. Saa tisa na robo imebadilishwa. Daktari mfupi mwenye miwani amesema picha ya kifua kesho asubuhi." Usiandike matusi wala dhana zako. Andika saa, mtu na tendo.

Binadamu yeyote hunyoosha mgongo akijua anaandikwa. Mbunge hivyo hivyo, mhubiri hivyo hivyo, na daktari hawezi kuwa tofauti. Mara ya kwanza utaulizwa unaandika nini. Jibu kweli: "Nasahau haraka, daktari, nataka nifuate maagizo yako vizuri." Hakuna mtu wa afya anayeweza kulikasirikia jibu hilo, na ndani ya siku mbili utashangaa namna sauti zinavyobadilika karibu na kitanda chako.

Kisha daftari litaanza kuwasaidia wao. Zamu ikibadilika saa moja jioni, muuguzi wa usiku anarithi wodi nzima pamoja na mafaili ambayo mengine hayajajazwa. Akikuuliza sindano ya mwisho ulipewa saa ngapi, msomee. Hapo utakuwa umegeuka kutoka msumbufu hadi msaidizi, na muuguzi mwenye busara ataanza kupitia kwako kwanza.

3. Uliza jina, na ulinde lako

"Sista, jina lako nani? Nataka nikalitaje kanisani Jumapili." Jaribu sentensi hiyo. Inafanya kazi kwa Wafrenzi, kwa Wakatoliki na kwa Salvation Army. Mtu ambaye jina lake litatajwa mbele ya watu hurudi kukuangalia bila kuitwa. Na Jumapili ikifika, litaje kweli, kwa sababu wauguzi wetu husikia lawama tu mwaka mzima.

Jina lako mwenyewe ni jambo zito zaidi. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, madaktari walimfungua fuvu mtu ambaye hakuhitaji upasuaji. Wanaume wawili walikuwa wamechanganywa: mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe uliohitaji kutunzwa bila kisu. Upasuaji ulikuwa umeendelea kwa saa kadhaa kabla ya kugundua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haipo. Hiyo ndiyo hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Kwa hiyo kila anayekujia na sindano, chupa ya damu au kitanda cha magurudumu, mwambie jina lako kamili kabla hajakugusa. Soma utepe wa mkononi. Kama mgonjwa wako hana fahamu, shangazi aseme kwa niaba yake: "Huyu ni fulani, amelazwa kwa ajili ya mguu." Rudia hata kama ni mara ya kumi. Wakikuambia wanajua, waambie ahsante, kisha useme tena.

4. Maswali, na mbinu ya kuyajibisha

Hivi ndivyo mazungumzo ya kawaida yanavyokwenda kwa mgonjwa msumbufu.

"Mama, presha yako iko juu. Tunakuanzishia dawa."

"Dawa gani, daktari?"

"Ya presha."

"Hiyo nimesikia. Jina lake?"

"Imeandikwa hapo, kemisti ataona."

"Nisomee wewe, mwandiko wako siuwezi."

"Amlodipini."

"Nitaimeza mpaka lini?"

Hapo daktari huvuta pumzi, akavuta kiti, akaketi. Ulichokuwa ukikitaka ni hicho kiti. Sasa uliza yaliyobaki: kuna njia nyingine? Dawa hii inaweza kuniletea shida gani? Nisipoimeza itakuwaje? Yote haya yatanigharimu pesa ngapi?

Huombi hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka anayekutibu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama zake, na kwamba una haki ya kukataa. Inasema pia kwamba, inapowezekana, uelezwe kwa lugha unayoielewa. Kama kukhu, yaani nyanya yako, anajua Kibukusu peke yake, aelezwe kwa Kibukusu, na wodi isiyo na hata mtu mmoja wa kuisema lugha hiyo hapa Bungoma sijui utaipata wapi.

Daktari akiwa na haraka, tumia njia ya mkato: mpe daftari na biro, umwombe akuchoree. Wengi wao hupenda kufundisha, na wachache huombwa. Daktari aliyeombwa achore mfuko wa uzazi au mshipa wa moyo husahau foleni iliyoko nje kwa dakika tatu nzima. Ukimaliza, mrudishie maelezo kwa maneno yako mwenyewe: "Yaani nimeelewa kwamba…" Pale ulipokosea atakusahihisha, na hilo sahihisho ndilo linalookoa watu.

5. Sahihi

Ukiwa unavuja damu au mtoto amekwama, tia sahihi uende. Siku nyingine zote, karatasi ya kukubali upasuaji isomwe kitandani, mchana, ukiwa umevaa nguo zako. Usikubali kupewa karatasi hiyo kwenye mlango wa thieta ukiwa umelala chali. Uliza mambo matatu: watapasua wapi, nani atashika kisu, na je, kuna kitu kitakachotolewa ambacho hakitarudi? Hilo la tatu liulize hasa wewe mama, kabla hujakubali chochote kinachohusu uzazi.

Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hujitilia sahihi mwenyewe. Wakisema wanamngoja mzee atoke Kitale ndipo utibiwe, waombe wakuonyeshe sheria inayosema hivyo. Watatafuta sana.

6. Usikubali wanao waitwe nje ya mlango

Hatua hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu hapa tunaomnyima mgonjwa haki yake ni sisi wenyewe, na tunafanya hivyo kwa upendo.

Mzee amelazwa, hawezi kumeza hata ugali mlaini. Majibu yanatoka Eldoret: ni saratani ya umio, ugonjwa ambao huku magharibi mwa Kenya tumezika nao watu wengi. Daktari anatoka koridoni, anamwita kijana mkubwa na ndugu wa mzee. Wanakubaliana kwa minong'ono: mzee asiambiwe, atakufa moyo. Wanarudi kitandani wakitabasamu. Ni vidonda vya tumbo tu, baba.

Jioni hiyo hiyo linafunguliwa kundi la WhatsApp liitwalo Matibabu ya Mzee. Tangazo linatengenezwa lenye picha yake kwenye harusi ya binti yake, nambari ya kutuma pesa, mgeni wa heshima, na kwa herufi nyekundu, jina la ugonjwa pamoja na hatua uliyofikia. Kufikia asubuhi vijana wa boda boda pale stejini Kanduyi wanajua. Mwalimu mkuu anajua. Diwani anajua, na ameshaahidi kiasi atakachotoa mbele ya kamera. Asiyejua ni mmoja, naye ndiye mwenye umio.

Sasa fanya hivi. Kama wewe ndiye mgonjwa, sema mapema kabla ya kipimo chochote, mbele ya shangazi: "Daktari, majibu yakija, nipe mimi kwanza. Nikitaka wengine wajue, nitawaambia." Liandikwe kwenye daftari. Kama wewe ni mtoto wa mgonjwa, muulize mapema: "Baba, majibu yakija, unataka uambiwe wewe au unataka tukubebee?" Wapo wasiotaka kujua, na hiyo nayo ni haki yao, mradi wameulizwa. Kabla ya kutuma tangazo la mchango, msomee yeye. Akisema ugonjwa usitajwe, andikeni "matibabu" na mwishie hapo. Mgeni wa heshima atatoa pesa hata bila herufi nyekundu.

Mzee aliyefichwa hakosi habari tu. Anakosa siku za kuonyesha mipaka ya shamba, kutaja ng'ombe wa mahari ambao hawajalipwa, kumwita ndugu waliyekosana naye. Anakosa pia kuuliza swali ambalo ni yeye tu anayeweza kuliuliza: maumivu haya mtayazuia vipi? Wengi hufa wakiugulia kwa sababu kila mtu chumbani alikuwa na shughuli ya kuigiza kwamba ni vidonda vya tumbo.

7. Shusha sauti

Kuna wahudumu wanaotangaza ugonjwa wa mtu toka upande mmoja wa wodi hadi mwingine. Wewe jibu kwa mnong'ono. Akisema hasikii, mwambie: "Sogea, sista, nikwambie." Atasogea, na atakapokuwa karibu naye atashusha sauti. Habari za virusi vya UKIMWI zinalindwa na sheria maalumu ya mwaka 2006, na siri nyingine zote za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Afya. Kama kuna pazia, omba livutwe. Kama hakuna, shangazi asimame na leso yake.

Madaktari wanafunzi wakija kundi zima, unaweza kuwakataa. Nakushauri ukubali wawili na uwakatae wengine. Hao ndio watakaowatibu wajukuu zako, na lazima wajifunze kwa mtu. Lakini wajifunze kwanza kubisha hodi.

8. Simu

Tarehe 8 Agosti 2013, katika hospitali ya serikali iliyoko hapa Bungoma mjini, wakati huo ikiitwa hospitali ya wilaya, mama mmoja aliyekwenda kujifungua aliambiwa ajinunulie dawa ya kuanzisha uchungu na pamba. Ilikuwa miezi miwili tu tangu serikali itangaze, tarehe 1 Juni, kwamba huduma za kujifungua ni bure nchini kote. Wodini wanawake walikuwa wakilala zaidi ya mmoja kitandani. Uchungu ulipomzidi alitembea mwenyewe hadi chumba cha kuzalishia, akakuta kimejaa. Njiani akirudi alianguka, akazirai, akajifungulia sakafuni koridoni. Alipozinduka alikuwa akipigwa makofi na kutukanwa na wauguzi kwa kuchafua sakafu.

Haya yangeishia pale, kama yalivyoishia mengi kabla yake. Lakini mtu aliyekuwepo aliwasha simu. Video ikaonyeshwa kwenye televisheni, na mama huyo akakataa kunyamaza. Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya Bungoma, ikisaidiwa na kituo cha kimataifa cha kutetea haki za uzazi, na tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni akaamua kwamba haki na utu wa mama huyo vilivunjwa. Akaagiza alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Jaji hakuwaandama wauguzi peke yao. Alisema serikali ya kitaifa na ile ya kaunti zilikuwa zimeshindwa kutenga fedha za kutosha na kusimamia kiwango cha chini cha huduma kinachokubalika.

Soma sehemu hiyo ya mwisho mara mbili, kwa sababu itakusaidia kujua hasira yako uielekeze wapi. Muuguzi aliyempiga makofi mzazi alitenda uovu, na sitafuti maneno ya kuupunguza. Lakini waliojaza vitanda watu wawili wawili, waliotangaza huduma ya bure bila kununua pamba, hawakuwa koridoni siku hiyo na hakuna video yao. Mwaka 2017 wauguzi wa nchi hii walikaa nje ya kazi karibu miezi mitano wakidai kutimiziwa mkataba. Mwaka 2024 uwanja wa Masinde Muliro hapa Kanduyi ulikarabatiwa mbio mbio ukapokea sherehe za Madaraka. Pesa hupatikana kwa haraka serikali inapotaka kuonekana. Diwani wako akija kuomba kura, au akija kwenye ule mchango wa mzee, muulize wodi ya wazazi ina vitanda vingapi.

Sasa kuhusu simu yako. Video ile ilileta haki, na pia ilimwonyesha mama akiwa katika hali ambayo hakuna mwanamke angependa nchi nzima imwone. Kwa hiyo ukiona ukatili, rekodi, ila jifunze namna. Sauti mara nyingi inatosha. Elekeza kamera kwa anayetenda, na umkinge anayetendwa. Nyuso za wagonjwa wengine zisiingie. Ukimaliza, usiitupe mtandaoni upate sifa za siku moja. Mpe mgonjwa au jamaa zake, waamue wao. Hiyo video ni yao, na mahakamani ina thamani zaidi kuliko TikTok.

9. Dawa na kemisti

Omba jina halisi la dawa, sio la kampuni, kwa maana dawa ile ile huuzwa kwa majina matano na bei tano. Uliza kwanza kama ipo kwenye duka la dawa la hospitali yenyewe. Ukielekezwa kwa kemisti mmoja tu aliye ng'ambo ya lango na kuambiwa "sema mimi ndiye nimekutuma", anza na kemisti wa pili uulize bei. Pesa zikipungua, rudi kwa daktari umuulize ipi inaweza kungoja. Usijikatie mwenyewe nusu ya antibiotiki. Na hifadhi kila risiti, hata ya pamba, ukiibandika kwenye daftari.

10. Pesa

Jisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, ukiwa mzima. NHIF imekwisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mfumo ni huo mpya; piga *147# leo ukiwa umeketi kwako, maana siku utakapofika na mtoto mwenye degedege, sistimu itakuwa imelala.

Dharura haingoji amana. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015 kijana aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha mahututi, akafa. Wakikuambia "lipa kwanza" na mgonjwa hawezi kupumua, usibishane juu ya pesa. Uliza kwa sauti iliyotulia: "Hii ni dharura au si dharura? Naandika jibu lako." Kisha shika biro.

Ukimaliza kutibiwa na deni likabaki, hospitali inaweza kukupa mkataba wa kulipa polepole na inaweza kukushtaki. Haiwezi kukufungia. Tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, akasema kuwazuia vile kulivunja haki zao. Maiti nayo haiwi rehani. Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema hivyo katika kesi ya Mombasa ya mwaka 1998. Askari akisimama langoni, muulize jina lake na ni nani aliyemtuma. Daftari.

Ukiombwa chai, omba risiti ya chai. Ombi hukomea hapo.

11. Barua ya rufaa

Usiondoke Bungoma kwenda Eldoret na maneno matupu. Barua iseme ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanywa, dawa zilizokwisha kutolewa na saa zilipotolewa, na jina la daktari anayekungoja huko. Waombe wapige simu mbele yako. Safari ya kupitia Webuye na Turbo ni ndefu kwa mtu anayekata roho, na ni ndefu zaidi kama ukifika unaanzishwa upya.

Ukitaka maoni ya daktari wa pili, sema. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unakuruhusu. Daktari mwema hatanuna, na anayenuna amekupa sababu ya kwenda.

12. Usimdanganye daktari

Hapa msumbufu huwa mwaminifu kabisa. Kama ulikunywa miti shamba, sema, na upeleke jani lenyewe kama lipo. Kama uliacha vidonge kwa sababu vilikutapisha, sema. Kama pombe ni ya kila siku, usiseme "kidogo". Figo na ini hazina aibu, na daktari hawezi kutibu hadithi.

13. Lalamika kwa maandishi

Siku ukitendewa vibaya, usimalizie hasira stejini. Sheria ya Afya inataka kila hospitali ibandike mahali pa wazi utaratibu wa kupeleka malalamiko. Utafute ukutani. Usipouona, hilo liwe lalamiko lako la kwanza. Anza na msimamizi wa hospitali, kisha idara ya afya ya kaunti. Kosa la daktari au la hospitali yenyewe hupelekwa kwa baraza la madaktari, KMPDC, lile la muuguzi kwa Baraza la Wauguzi, na ukizungushwa na ofisi ya umma, kuna Tume ya Haki ya Utawala.

Barua iwe ukurasa mmoja. Tarehe, saa, wodi, majina, kilichotendeka, unachotaka kifanyike. Daftari lako limeshaiandika. Wewe nakili tu. Waandikie pia waliokutendea mema, katika barua nyingine, na uitume kwa msimamizi huyo huyo siku hiyo hiyo, ili ajue kwamba macho yako yanaona pande zote.

Peleka nakala mbili. Moja waache nayo, ya pili wakugongee muhuri wa siku hiyo. Wakikuambia muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ametoka kidogo, waambie hakuna neno, mketi kwenye benchi wewe na shangazi, mmngoje.